Do ya nani? Vidokezo vya kodi za gitaa kwa mpigaji wa Rusizi

Kaa Kamembe na gitaa mkononi, utasikia kodi ileile moja ikiitwa kwa njia nne. Aliyesoma wakati shule za Rwanda zilipokuwa bado zinafundisha kwa Kifaransa, kabla ya uamuzi wa 2008 wa kuhamia Kiingereza, atakwambia ni Do. Mdogo wake aliyejifunzia kwenye simu atasema C. Mwalimu wa korali atasema "moja". Na yule papa aliyevuka daraja kutoka Bukavu hatataja jina lolote, atakunyooshea shingo ya gitaa lake uone vidole vilipokaa. Wote wanne wako sahihi. Kazi inaanza pale wanapotakiwa kupiga wimbo mmoja Jumapili asubuhi, na maikrofoni zimeshawashwa.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini kodi hazikupelekewa barua. Basi tujipange wenyewe. (Nasema kodi za muziki. Zile nyingine zina ofisi yake.)

1. Anza na mstari mmoja wa kukariri

Do ni C, Re ni D, Mi ni E, Fa ni F, Sol ni G, La ni A, Si ni B. Nyuzi sita, ukianzia ule mnene: mi, la, re, sol, si, mi, yaani E, A, D, G, B, E. Meja haiandikiwi kitu, maina huwekewa m ndogo: La maina ni Am. Bukavu watasema "mineur", nawe utaelewa.

Mtego mmoja tu. Ukipata kitabu cha nyimbo kilichochapwa Ujerumani, au nakala iliyotoka kwa Walutheri, B yao ni Si iliyoshushwa nusu sauti, na Si kamili wanaiandika H. Usibishane na kitabu, geuza tu.

2. Ukisikia "Do", uliza ni Do ipi

Hapa ndipo mazoezi mengi ya korali yanapopotezea nusu saa. Kuna Do isiyohama na Do inayohama, na zote mbili zinaishi Rusizi.

Isiyohama ni ya Kifaransa na Kibelgiji. Do ni C, leo na kesho, uimbe wimbo gani. Inayohama ilikuja na wamisionari wa Kiprotestanti na vitabu vyao vya d, r, m, f, s, l, t, mfumo ambao Mwingereza John Curwen aliueneza katika karne ya 19 na ambao korali za Afrika Mashariki zinautumia mpaka leo. Katika mfumo huo Do ni nyumbani kwa wimbo, popote nyumbani palipo. Juu ya ukurasa utakuta imeandikwa "Do ni G", maana yake sauti ya kwanza ya ngazi imekaa kwenye G. Mwalimu akisema "malizieni kwenye Do", waimbaji wanatua kwenye G bila kufikiri. Mpiga gitaa aliyelelewa na Do ya Kifaransa anatua kwenye C. Kanisa zima linageuka kumwangalia.

Dawa ni namba. Kodi ya nyumbani iite 1, kisha hesabu ngazi kwenda juu. Wimbo ukiwa G: 1 ni G, 4 ni C, 5 ni D. Ukiwa C: 1 ni C, 4 ni F, 5 ni G. Mwalimu akipandisha wimbo kwa sababu soprano wamechangamka, 1-4-5 inabaki 1-4-5, vidole tu ndivyo vinahama. Nyimbo nyingi za kusifu, na seben nyingi za Kikongo (ile sehemu ya gitaa ya kuchezea dansi), zinazunguka humo humo kwenye hizo tatu.

Kwa hiyo swali la kwanza mazoezini liwe: "Mwalimu, 1 yetu leo ni ipi?" Linaokoa muda kuliko maelezo yote yatakayofuata.

3. Usitishwe na majina: gitaa la zamani lilikuwa na fujo zaidi

Mwaka 1596 daktari mmoja Mkatalani, Juan Carlos Amat, alitoa kijitabu cha gitaa la Kihispania. Gitaa la wakati huo lilikuwa na jozi tano za nyuzi: la, re, sol, si, mi. Ule mi mnene wa juu, unaoushika leo kwa gumba, haukuwepo. Amat hakuhangaika na majina ya sauti. Alizipa kodi namba, 1 hadi 12, kila namba ikiwa na meja yake na maina yake, zikafika 24, na kazi ikaisha. Mtu asiyejua nota hata moja aliweza kusindikiza wimbo.

Mwaka 1606 huko Florence, Girolamo Montesardo akachapa mfumo mwingine wa herufi, unaoitwa alfabeto. Sasa shika kiti. Katika alfabeto, A ni Sol meja. B ni Do meja. C ni Re meja. D ni La maina, E ni Re maina, F ni Mi meja, G ni Fa meja. Mi maina, kodi rahisi kuliko zote, haikupewa hata herufi; ilipewa msalaba: +.

Herufi hizo hazikuwa majina ya sauti kabisa. Zilikuwa majina ya mikao ya vidole. A ilimaanisha "weka vidole hivi", basi. Waitaliano wakacharaza kwa alfabeto kwa miaka mingi, na vitabu vya nyimbo vikachapwa na herufi hizo juu ya maneno, vilevile kabisa kama daftari la korali la leo lenye C na G zilizoandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya beti.

Ninachokitaka hapa ni kimoja: jina la kodi ni makubaliano ya watu wanaopiga pamoja. Anayekucheka kwa sababu unaita Sol anachoita G hajui jina lake lilitoka wapi.

4. Lijue umbo, kisha lisogeze

Wale wa alfabeto walikuwa na ujanja mmoja ambao kila kijana wa Kamembe anautumia bila kujua asili yake. G yao, yaani Fa meja, ni umbo lenye kidole cha shahada kilicholala freti ya kwanza. Walipotaka kodi ya juu zaidi hawakutafuta herufi mpya. Waliandika namba kando ya herufi: G3, maana yake umbo lilelile, shahada ilale freti ya tatu. Inalia Sol meja. H yao ni umbo la La lililosukumwa freti moja mbele, yaani Si iliyoshushwa; H3 inalia Do.

Fanya hivyohivyo. Maumbo mawili tu ya kulaza kidole, la E na la A, ukiyajua yanapoanzia, yanakupa kodi zote 12 za meja. Ondoa kidole kimoja au badili kidogo, unazo na maina. Kwenye daftari lako andika "umbo la E, freti 3", na mwenzako yeyote atakuelewa, awe wa Do au wa C.

5. Badili kodi kwa vidole visivyoondoka

Anayeanza huinua mkono mzima kila anapobadili, kisha anaurudisha kwa kubahatisha. Tazama badala yake kidole gani hakina haja ya kuhama.

Kutoka C kwenda Am: shahada na kidole cha kati havitikisiki. Kidole cha pete peke yake kinatoka uzi wa tano freti ya tatu, kinakwenda uzi wa tatu freti ya pili. Kutoka Am kwenda E: umbo ni lilelile, vidole vyote vitatu vinapanda pamoja uzi mmoja kuelekea ule mnene.

Kutoka C kwenda F ndogo, ile ya nyuzi nne nyembamba: shahada inabaki freti ya kwanza, inalala tu ishike nyuzi mbili za chini, cha kati na cha pete vinashuka uzi mmoja mmoja. Kutoka C kwenda G7 ni kinyume chake, kama umeivuta C pande mbili: cha kati na cha pete vinapanda uzi mmoja kila kimoja, shahada inashuka uzi mmoja.

C, F, C, G7. Zungusha hizo polepole mpaka hutazami tena mkono. Polepole maana yake polepole kweli, si ile polepole ya vijana.

6. Gumba la kushoto si la kupumzika

Walimu wa gitaa la klasiki wanataka gumba lijifiche nyuma ya shingo. Wapigaji wa gitaa kavu, lisilo la umeme, wa Katanga na wa magharibi ya Kenya hawakujali katazo hilo. Walipanda na gumba juu ya shingo, wakakamata freti ya kwanza ya uzi wa sita, na F ikawa kamili yenye besi yake, bila kulaza shahada kwenye nyuzi zote sita. Mkono ukiwa mdogo au shingo ya gitaa ikiwa nene haitawezekana, basi. Iache, F ya nyuzi nne inatosha. Lakini ukiweza, shahada inapata uhuru wa kutembea na wimbo.

7. Mkono wa kulia: vidole viwili vinatosha

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ukoo wetu ulipo.

Mwenda Jean Bosco alizaliwa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Jadotville, mji unaoitwa sasa Likasi, akamrekodi. Wimbo mmoja katika rekodi hizo, Masanga, ulipata tuzo ya Osborn, na baadaye mtaalamu David Rycroft akauandika nota kwa nota kwenye jarida la African Music. Bosco aliimba kwa Kiswahili. Nyimbo zake zilifika Nairobi kabla yake. Kisha akafika mwenyewe, akawa anaimba matangazo ya dawa ya Aspro. Alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990.

Sasa msikilize. Utadhani ni magitaa mawili. Ni moja, na mkono wa kulia unatumia gumba na shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, linashika mwendo. Shahada inadonoa wimbo kwenye nyembamba. Kodi yenyewe haipigwi yote kwa mpigo mmoja. Inamwagwa vipande vipande, na sikio lako ndilo linaloviunganisha.

Jaribu hivi. Shika C. Kidole cha pete kiko uzi wa tano freti ya tatu: hiyo ni C, gumba lipige. Kihamishe uzi wa sita freti ileile: hiyo ni G, gumba lipige tena. Mwendo huo wa besi, C, G, C, G, pete ikienda na kurudi, ndio miguu ya wimbo. Ukitulia, ongeza shahada ya kulia kwenye uzi wa pili na wa kwanza, katikati ya mapigo ya gumba. Usiongeze kidole cha tatu kwa sababu unacho.

Kwa wale wanaojua kucharaza tu, mwezi mmoja wa zoezi hili utawabadilishia mkono kuliko kodi 10 mpya za mtandaoni. Huo ni msimamo wangu na siuondoi.

8. Mwachie mpiga besi nyuzi zake

Lile gitaa la zamani la jozi tano halikuwa na besi ya kweli. Ukipiga Sol meja kwenye nyuzi tano, sauti ya chini kabisa ni Si, si Sol, na hakuna aliyelalamika: kazi ya gitaa ilikuwa kujaza katikati na kutoa mwendo.

Korali yako ya Gihundwe au Bugarama ina gitaa la besi, kinanda, na wanaume wanane waliosimama nyuma wanaoimba sauti ya nne. Halafu wewe unacharaza nyuzi zote sita kwa nguvu. Matokeo ni ngurumo. Acha wa sita na wa tano, cheza nne nyembamba, ikiwezekana juu ya freti ya tano. Utashangaa watu wanavyoanza kulisikia gitaa.

9. Uzi mwembamba mahali pa mnene

Gaspar Sanz, aliyechapa kitabu chake cha gitaa Zaragoza mwaka 1674, aliwapa wasomaji hiari: anayetaka kucharaza kwa kelele afunge nyuzi nene kwenye jozi za juu, anayetaka kudonoa kwa ufundi afunge nyembamba, zilie oktava moja juu. Kodi ileile, vidole vilevile, sauti nyingine kabisa.

Kinshasa walifika palepale kwa njia yao. Katika rumba ya Kongo kuna gitaa linaloitwa mi-composé: unatoa uzi wa nne, ule wa re, unafunga mahali pake uzi mwembamba kama wa kwanza na kuutyuni re ya oktava ya juu. Gitaa hilo linakaa kati ya rithimu na solo, linang'aa bila kumfunika mtu. Kama mko wapiga gitaa wawili wenye magitaa yanayofanana na mnagongana kila wimbo, mmoja afanye hivi. Gharama ni uzi mmoja.

10. Kapo ya penseli

Kapo ya dukani, ile ya kubana nyuzi zote kwenye freti moja, ni nzuri. Kipande cha penseli na mpira wa tairi la ndani la baiskeli ni kizuri pia, na kimezunguka Afrika hii kwa miaka mingi. Weka penseli nyuma kidogo ya freti, funga mpira kwa nyuma ya shingo, hakikisha kila uzi unalia safi.

Tatizo la kapo ni majina. Kapo ikiwa freti ya pili na wewe unashika umbo la G, kinacholia ni A. Usimwambie mpiga besi "niko G". Mwambie kinacholia, vidole vyako ni siri yako. Kinanda nacho hakina kapo, kwa hiyo anayepiga kinanda ndiye mwenye haki ya kutaja ufunguo.

11. Tyuni tena ukifika

Bugarama ni bondeni na kuna joto. Kamembe iko juu, na jioni upepo wa ziwa Kivu una baridi. Gitaa lililotyuniwa bondeni mchana halitakuwa sawa likifika juu. Toa kwenye mfuko, liache robo saa lizoee, ndipo ulitazame.

12. Tafuta ufunguo kwa mwimbaji, si kwa mazoea

Wavuvi wa sambaza wanaoimba ziwani usiku hawatangazi ufunguo kabla ya kuanza. Wala mama mzee atakayesimama kanisani na wimbo wake wa moyoni. Hapo hakuna C wala Do ya kukusaidia. Msubiri amalize mstari wa kwanza, maana mistari mingi hutua nyumbani. Sauti aliyotulia, itafute kwenye uzi wa sita ukipanda freti moja moja, kimya kimya, gumba tu. Ukiipata, hiyo ni 1. Weka umbo la E hapo hapo na uingie kwenye mstari wa pili.

Mazoezi mazuri ya sikio ni igisope, muziki wa bendi za Rwanda: Makanyaga Abdul, Orchestre Impala, wale wa zamani. Kodi si nyingi, zinazunguka, na gitaa la solo linakutajia kila badiliko kabla halijafika. Piga pamoja na rekodi bila kutafuta kodi mtandaoni. Nusu ya kodi zilizoandikwa huko zina makosa hata hivyo.

13. Daftari moja, mistari miwili

Korali yenu inalo daftari la nyimbo. Juu ya kila wimbo andikeni mambo matatu: 1 ni ipi, kwa herufi na kwa Do-Re-Mi, kapo iko wapi kama ipo, na nani anaanza. Juu ya maneno andikeni namba za kodi, si herufi, ili wimbo ukipandishwa hakuna anayefuta kitu. Mkialikwa Bukavu, au wao wakialikwa kwenu, litoeni daftari hilo nusu saa kabla ya ibada na mlisome pamoja, wapiga gitaa, besi na kinanda. Kama bado hamna, anzeni na nyimbo tano mnazozipiga kila wiki. Jumamosi hii inatosha.